Adhabu iliyofuata mahali: historia ya nyongeza ya hukumu Garissa na Kaskazini Mashariki

NYONGEZA ni neno ambalo Mkenya hulipokea kwa bashasha. Mwalimu husubiri nyongeza ya mshahara, mlaji hotelini huomba nyongeza ya mchuzi, na mfugaji hushukuru kwa nyongeza ya siku chache za mvua. Lakini neno hilohilo likiingia mahakamani hubadilika sura. Nyongeza ya adhabu ni miaka inayorundikwa juu ya ile ambayo kosa lenyewe lingemletea mshtakiwa, kwa sababu ya jambo fulani la ziada: alikuwa na silaha, aliwahi kufungwa, aliyedhulumiwa alikuwa mtoto, au kitendo chake kiliitwa ugaidi.

Katika makala ya leo ninakusudia kuifuata historia ya nyongeza hiyo katika eneo moja la nchi yetu: Garissa, Wajir na Mandera, eneo ambalo wakoloni waliliweka ndani ya Wilaya ya Mpaka wa Kaskazini na ambalo baadaye likawa Mkoa wa Kaskazini Mashariki. Nimelichagua kwa sababu moja. Kwa miongo mingi, jambo la ziada lililoifanya adhabu iwe nzito huko halikuwa silaha peke yake wala rekodi ya mshtakiwa. Lilikuwa mahali alipokaa na jina aliloitwa.

Tuanze na maneno, kwa maana hii ni safu ya lugha. Hukumu, hakimu, mahakama na hekima ni maneno ya ukoo mmoja. Yote yametokana na mzizi mmoja wa Kiarabu, na mswahili anayeyatamka kwa mfululizo husikia wazi kwamba anayehukumu anatarajiwa kuwa na hekima. Adhabu nayo ni neno la Kiarabu, na kwa Waislamu wengi wa Garissa husikika kwanza katika mazungumzo ya dini, kama vile adhabu ya kaburi. Kifungo ni neno letu la Kibantu, kutokana na kitenzi funga. Faini ilikuja na Mwingereza, pamoja na karani wa kuiandika na askari wa kuidai. Tukiyatazama maneno haya kwa pamoja, tunaona matabaka ya historia: kadhi, mzee wa ukoo na ofisa wa wilaya, kila mmoja ameacha neno lake.

Serikali ya kikoloni ilianza na mipaka. Mwaka 1902 ilitunga sheria ya wilaya za pembezoni, iliyoiruhusu kuifunga wilaya nzima ili mtu asiingie wala kutoka bila kibali. Mwaka 1909 ikaja sheria ya adhabu ya pamoja. Kisha mwaka 1934 ikatungwa sheria ya usimamizi wa wilaya maalumu, ambayo ilitumika kaskazini kwa uzito wa pekee. Chini yake mkuu wa mkoa aliweza kulitangaza kabila fulani kuwa lenye uhasama, na likishatangazwa hivyo, watu wake waliweza kukamatwa, kuzuiliwa na kunyang'anywa mifugo. Mtu mmoja akiiba ngamia, waliotozwa ni wengi.

Kuna methali isemayo kwamba samaki mmoja akioza huoza wote. Jikoni, methali hii ni onyo la busara. Ikiandikwa katika kitabu cha sheria inakuwa balaa, kwa sababu inamruhusu mtawala asijisumbue kumtafuta samaki aliyeoza. Hapo ndipo ninapoona chanzo cha kila kitu kilichofuata. Sheria ya jinai ya kawaida huuliza: nani alifanya nini? Sheria ya wilaya maalumu iliuliza: wewe ni wa nani?

Najua kuna msomaji ambaye tayari amekunja uso. Atasema, kwani Wasomali wenyewe hawana utaratibu wa ukoo kuwajibika kwa pamoja? Wanao, na ni mkongwe. Katika xeer, yaani sheria ya mila ya Wasomali (herufi x kwao husomwa kama h nzito ya Kiarabu), mtu akiuawa, ukoo wa muuaji huulipa ukoo wa marehemu. Malipo hayo Wasomali huyaita mag, na Kiswahili kina neno lake, dia. Kiwango kinachotajwa tangu zamani ni ngamia 100 kwa mwanamume na 50 kwa mwanamke. Kiwango hicho kina lawama zake, hasa kuhusu thamani ya mwanamke, na wanawake wa huko wamekuwa wakizitoa.

Hata hivyo, dia na faini ya pamoja si kitu kimoja. Dia hujadiliwa na wazee wa pande mbili chini ya mti, kila upande ukisikilizwa, na mali huenda kwa waliofiwa. Wanaochanga wanajua kwa nini wanachanga, na kesho wao wakifiwa watachangiwa vilevile. Faini ya serikali ilikatwa na ofisa bila kesi ya kawaida, na aliyetozwa hakuwa na mtu wa kumjibu hoja. Dia ilikusudiwa kufunga mlango wa kisasi. Faini ya pamoja ilikusudiwa kutia hofu. Kuzichanganya mbili hizi ndiko kulikowasaidia watawala kudai kwamba walikuwa wakiwahukumu wenyeji kwa desturi zao wenyewe.

Haya basi, uhuru ukaja. Wakazi wengi wa kaskazini walikuwa wameieleza tume ya mwaka 1962 kwamba walitaka kuungana na Somalia, na hawakukubaliwa. Juni 1963, Daudi Dabasso Wabera, mkuu wa wilaya ya Isiolo, aliuawa pamoja na Chifu Haji Galma Dido. Mtaa mmoja wa katikati ya Nairobi unabeba jina la Wabera hadi leo, ingawa wengi wanaoupita hawajui alikuwa nani. Desemba mwaka huohuo, wiki chache tu baada ya bendera kupandishwa, serikali ya Mzee Jomo Kenyatta ikatangaza hali ya hatari katika Kaskazini Mashariki. Vita vilivyofuata tunaviita Vita vya Shifta.

Mwaka 1966 zikatolewa kanuni maalumu za usalama kwa Mkoa wa Kaskazini Mashariki na wilaya jirani. Kupatikana na bunduki bila idhini kukawa kosa la kunyongwa. Kumhifadhi mwenye bunduki kukapewa adhabu kali. Uchunguzi wa kimahakama unaopaswa kufanywa mtu anapokufa mikononi mwa serikali ukasimamishwa. Vyombo vya kuvukia Mto Tana vikawekewa marufuku.

Msomaji na atulie kidogo kwenye mto huo. Bunduki ile ile isiyo na leseni, ikipatikana mikononi mwa mtu wa Nakuru, ingempeleka jela kwa mujibu wa sheria ya kawaida ya silaha. Ikipatikana mikononi mwa mtu wa Garissa, ingempeleka kitanzini. Kitendo ni kilekile. Kilichoongeza adhabu ni jiografia. Nimewasikia watu wa Garissa wakimwambia mwenzao anayesafiri kwenda Nairobi kwamba "anaenda Kenya". Wageni hucheka wakidhani ni mzaha. Mimi huisikia kama muhtasari wa historia ya sheria, uliohifadhiwa katika maneno mawili.

Jambo linaloshangaza zaidi ni asili ya kanuni hizo. Zilifanana mno na zile ambazo Waingereza walitumia dhidi ya Mau Mau baada ya Oktoba 1952, wakati kupatikana na bunduki kulipofanywa kosa la kifo na watu zaidi ya 1,000 wakanyongwa. Hata kuwakusanya raia katika vijiji vyenye ulinzi, jambo ambalo wazee wa Murang'a na Nyeri wanalikumbuka kwa uchungu, kulirudiwa kaskazini kuanzia 1966. Wafugaji walikusanywa kwenye manyatta zilizochaguliwa na serikali, na mifugo ikafa kwa kukosa malisho. Waborana wa Isiolo hukiita kipindi hicho Daaba, wakati uliosimama. Walioupata uhuru baada ya kuteswa na sheria hizo hawakuzichoma. Walizihamisha.

Turudi kwenye neno shifta, maana limefanya kazi kubwa kuliko vifungu vingi vya sheria. Asili yake ni Ethiopia, ambako linamaanisha jambazi wa nyikani, na pengine muasi aliyekimbilia porini kumpinga mtawala. Lilipoingia Kiswahili cha redio na magazeti ya miaka ya 1960, ile maana ya uasi wa kisiasa ikang'olewa, ikabaki ya ujambazi. Mtu akishaitwa shifta, hakuna aliyeuliza anadai nini. Na kwa kuwa neno lilihusishwa na Wasomali na majirani zao, mchungaji mwenye mbuzi wake na mpiganaji mwenye bunduki wakajikuta chini ya jina moja. Wanaisimu husema neno huweza kupanuka au kufinyika kimaana. Hili lilifinyika upande wa maana na kupanuka upande wa watu lililowahusu. Hiyo nayo ni nyongeza ya adhabu, ila haikupitia bungeni.

Sasa tazama upande wa pili wa mizani. Mwaka 1970 Bunge lilipitisha sheria ya kuwakinga maofisa wa serikali dhidi ya mashtaka kwa mambo waliyoyatenda kaskazini kati ya tarehe 25 Desemba 1963 na tarehe 1 Desemba 1967. Kwa hiyo katika eneo moja na miaka ileile, raia alipandishiwa adhabu hadi kifo, naye ofisa alishushiwa hadi sufuri. Ukitaka kujua sheria inamwogopa nani na kumwamini nani, usisome kifungu kimoja. Soma viwili kwa pamoja.

Vita vilipoa baada ya Kenya na Somalia kuafikiana Arusha mwezi Oktoba 1967, lakini hali ya hatari haikuondolewa. Katiba ilibaki na kifungu cha 127, kilichomruhusu Rais kuutawala Mkoa wa Kaskazini Mashariki kwa kanuni. Matunda yake tunayajua. Novemba 1980, baada ya maofisa wa serikali kuuawa mjini Garissa, nyumba za mtaa wa Bulla Kartasi zilichomwa, na wakazi wakakusanywa katika uwanja wa shule bila chakula wala maji. Februari 1984, wanaume wa ukoo wa Degodia walikusanywa katika uwanja wa ndege wa Wagalla, Wajir. Serikali ya wakati huo ilisema waliokufa ni 57. Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano, iliyokabidhi ripoti yake Mei 2013, ilisema idadi ilikaribia 1,000.

Hakuna hakimu aliyetoa hukumu Wagalla, na ndiyo maana ninaitaja hapa. Watu wakishazoea kwa miaka 50 kwamba ukoo mzima unaweza kuadhibiwa kwa sheria, wanaotekeleza hufika mahali hawaihitaji hata hiyo sheria. Mazoea yanatosha.

Mabadiliko yalianza pole pole. Mwishoni mwa 1991 hali ya hatari iliondolewa. Mwaka 1997, katika mageuzi yaliyoafikiwa na vyama vya siasa kabla ya uchaguzi, sheria ya wilaya za pembezoni na ile ya wilaya maalumu zilifutwa. Hebu fikiria: sheria ya 1902 iliishi miaka 95, na 34 kati ya hiyo ilikuwa baada ya Uhuru. Kisha Katiba ya 2010 ikaja na kifungu ambacho naona hakijapata umaarufu unaostahili. Kifungu cha 50(2)(p) kinasema, kwa maneno yangu, kwamba adhabu ya kosa ikibadilishwa kati ya siku kosa lilipotendwa na siku ya hukumu, mshtakiwa atapewa ile iliyo nafuu. Huo ni ukuta dhidi ya nyongeza inayorudi nyuma.

Ukuta huo ulijaribiwa upesi na wimbi la ugaidi. Sisemi kwamba hatari ilikuwa ya kubuni, la hasha. Tarehe 22 Novemba 2014, abiria 28 wa basi waliuawa Mandera. Siku kumi baadaye wachimba mawe 36 wakauawa katika kaunti hiyohiyo. Tarehe 2 Aprili 2015, magaidi walivamia Chuo Kikuu cha Garissa wakaua watu 148, wengi wao wanafunzi waliokuwa ndio kwanza wanaamka. Mzazi aliyempeleka mwanawe Garissa kusoma akampokea ndani ya jeneza hahitaji somo langu kuhusu haki za washtakiwa, na sina ujasiri wa kumpa.

Tayari sheria ya kuzuia ugaidi ya 2012 ilikuwa imeweka kifungo cha hadi miaka 30 kwa kitendo cha ugaidi, na cha maisha iwapo watu wamekufa. Baada ya mauaji ya Mandera, Bunge lilipitisha kwa vurugu sheria ya marekebisho ya usalama, iliyotiwa saini tarehe 19 Desemba 2014. Iliongeza makosa mapya na adhabu mpya, na ikaweka kikomo cha wakimbizi 150,000 nchini, jambo lililoilenga moja kwa moja kambi ya Dadaab katika Kaunti ya Garissa. Tarehe 23 Februari 2015 Mahakama Kuu ilivifuta vifungu vinane vya sheria hiyo, kikiwemo hicho cha wakimbizi.

Kisha Garissa ikashambuliwa, na sauti ya 1934 ikasikika tena: Dadaab ifungwe, wote waondoke. Februari 2017 Mahakama Kuu ilizuia mpango huo, ikiona kwamba kuwalenga wakimbizi wa Kisomali kama kundi ni ubaguzi na ni kinyume cha Katiba. Linganisha na yaliyotokea kwa washukiwa wa shambulio lenyewe. Kesi yao ilisikizwa Nairobi, ushahidi dhidi ya kila mmoja ukapimwa peke yake, na Julai 2019 mmoja akafungwa maisha, wawili wakafungwa miaka 41 kila mmoja. Mshtakiwa mwingine alikuwa ameachiliwa huru. Adhabu hizo ni nzito kweli kweli, na uzito wake ulitokana na tendo la kila mtu. Kwa maoni yangu, kumwachilia yule ambaye ushahidi haukumfikia ndiko kunakoipa hukumu ya wale watatu heshima yake. Mwaka 1934 asingeachiliwa. Angetozwa ngamia.

Mjadala wa adhabu za lazima haujaisha, wala si wa kaskazini tu. Tarehe 14 Desemba 2017, katika kesi ya Muruatetu, Mahakama ya Juu iliamua kwamba kumfunga jaji mikono asiweze kutoa adhabu nyingine ila kifo kwa muuaji ni kinyume cha Katiba. Julai 2021 ikafafanua kwamba uamuzi huo ulihusu mauaji pekee. Na Julai 2024, mahakama hiyohiyo ilisisitiza kwamba vifungo vya chini vilivyowekwa na Sheria ya Makosa ya Kijinsia ya 2006 viheshimiwe, kwa kuwa Bunge ndilo lenye mamlaka ya kuviweka. Wapo watakaoona hizo ni kauli zinazokinzana. Mimi naziona kama kuvuta kamba kati ya hekima ya hakimu na hasira ya umma, na kamba hiyo haipaswi kukatika upande wowote.

Kuna jambo la lugha ambalo siwezi kulipita. Sheria zote nilizozitaja ziliandikwa kwa Kiingereza. Mchungaji aliyetozwa faini mwaka 1934 aliisikia kwa Kisomali au Kiborana kupitia mkalimani, na mara nyingi mkalimani huyo alikuwa akitoa kwenye Kiswahili cha ofisa ambaye Kiswahili chenyewe kilimpiga chenga. Leo Katiba inampa mshtakiwa haki ya mkalimani bila malipo, na Kiswahili ni lugha rasmi sambamba na Kiingereza. Hata hivyo, ukiuliza sokoni Garissa tofauti kati ya kifungo cha lazima na kifungo cha juu kabisa, wengi hawatakujibu, na si kwa ujinga wao. Hatujawapa istilahi. "Hadi miaka 30" na "si chini ya miaka 30" ni maneno machache tu, lakini kati yake kuna umri wa mtu. Wanaisimu na wanasheria wetu wana deni hapa: sheria za jinai zitafsiriwe kwa Kiswahili sanifu, na kwa Kisomali pia, tena kwa istilahi zinazofanana kutoka mahakama moja hadi nyingine.

Tukio jingine la kutisha litakapotokea, na Mungu aliepushe, mswada wa kuongeza adhabu utafika bungeni kabla matanga hayajaanuliwa. Ningependa msomaji ausome akiwa na maswali matatu mkononi. Je, nyongeza hii inafuata tendo la mtu, au inafuata anakotoka? Je, nani amekingwa wakati mwingine anapandishiwa? Na je, neno linalotumiwa kumtaja mkosaji linamhusu yeye peke yake, au linawavuta na jirani zake? Watu wa ng'ambo ile ya Tana walijifunza kuyauliza maswali haya kwa gharama kubwa. Si haki wabaki kuyauliza peke yao.